Kabla hujampa mzee vidonge vya kumbukumbu, uliza kwanza anasahau kwa nini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua yangu ni ndefu na una haki ya kuipunguza, ila nakuomba ile sehemu ya dawa za kuzuia damu kuganda usiikate, hiyo iache kama ilivyo hata kama utalazimika kukata mengine yote.

Naandika kuhusu hizi saplimenti za mitishamba za kuongeza kumbukumbu. Siku hizi ukifungua simu tu unakutana nazo, mwanafunzi anaambiwa atafaulu mtihani, mtu wa ofisini anaambiwa kichwa kitafunguka, mzee anaambiwa atakumbuka majina ya wajukuu wote kama zamani, alafu chini kabisa kwa maandishi madogo ambayo huyo mzee hata kuyasoma hawezi wameandika kwamba bidhaa hii haitibu wala haizuii ugonjwa wowote. Mi sina ugomvi na mitishamba na nitaeleza huko mbele kwa nini. Ninachotaka kusema ni kwamba kusahau huwa kuna sababu yake, na chupa ya vidonge ikiingia nyumbani kabla hiyo sababu haijatafutwa, watu wote mnaacha kuitafuta. Sisi ilitutokea.

Mama yangu ana miaka 71. Ana sukari zaidi ya miaka kumi na anatumia metformini, alafu moyo wake mapigo hayana mpangilio kwa hiyo daktari alimwanzishia warfarini ili damu isigande na kumletea kiharusi. Mwaka juzi akaanza kusahau. Mwanzoni tuliona kawaida, mtu mzima huyo, anaweka miwani kichwani halafu anaitafuta nyumba nzima, nani hajafanya hivo. Baadae akawa anauliza swali lilelile mara tatu ndani ya saa moja na kila mara anauliza kama vile ndo mara ya kwanza, na siku moja akaniita kwa jina la marehemu dada yake na hakujua kama amekosea. Hapo nikaogopa.

Ndugu yetu mmoja, kwa mapenzi kabisa na namtetea mpaka leo, akamletea chupa ya ginkgo, vidonge vya majani ya mti unaoitwa hivyo. Kidonge asubuhi, kidonge jioni. Mama alifurahi kwelikweli, akawa anatuambia kichwa nakisikia chepesi, na sisi tukaona ni kweli anachangamka, manake mtu akipewa tumaini anachangamka. Maswali ya kurudiarudia hayakupungua lakini tukawa tunasema tuipe muda, mitishamba inafanya kazi polepole. Tukaipa miezi nane. Katika hiyo miezi nane hakuna hata mmoja wetu aliyesema twende tukamuulize daktari mbona mama anasahau, kwa sababu kila mtu alijua shida ya kusahau "inashughulikiwa".

Alafu yakaanza mabaka meusi mikononi, hajagongwa popote, anaamka nayo tu. Siku moja pua ikaanza kutoka damu asubuhi na mpaka mchana haijakata, tukamkimbiza hospitali. Daktari akamuuliza, "Mama, ukiacha hizi dawa zetu kuna kitu kingine unatumia?" Mama akajibu hakuna baba, ni hizi hizi tu, akazitaja moja moja na dozi zake bila kukosea hata moja. Ile chupa hakuitaja. Na sio kwamba alificha, mama yangu si mtu wa kuficha, ila kwake yeye dawa ni ile unayoandikiwa, ile nyingine ni majani tu. Mimi ndo nikaropoka kwamba kuna ginkgo, yule daktari akaweka kalamu chini.

Alisema hivi: "Siwezi kuapa kwamba damu hii imesababishwa na ginkgo peke yake, lakini mtu wa warfarini hatakiwi kuichanganya na ginkgo bila sisi kujua." Wakapima damu ikaonekana imekuwa nyepesi kupita kiasi. Na yule daktari, Mungu ambariki, hakuishia kwenye pua. Akauliza mama alikuwa anatafuta nini kwenye ginkgo, tukamweleza habari ya kusahau, akaagiza apimwe vitamini B12. Ikarudi iko chini sana.

Kumbe metformini ukiitumia miaka mingi inaweza kuzuia mwili usifyonze B12 vizuri, na B12 ikipungua mtu anasahau, anachoka, miguu inachoma na kufa ganzi, hata tabia inaweza kubadilika. Miguu ya mama ilikuwa inamchoma muda mrefu na sisi tulikuwa tunasema ni sukari hiyo. Akaanzishiwa sindano. Baada ya miezi kadhaa yale maswali ya kurudia yakapungua sana, anatembea bila kuyumba, simu zake anapiga mwenyewe. Sitakudanganya kwamba kila kitu kimerudi, kuna majina mengine yanamtoka bado na ganzi ya vidole vya miguu ipo, daktari alitueleza kwamba mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila B12 kuna sehemu ya madhara haiponi tena. Ndo maana ile miezi nane inaniuma mpaka leo.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, kwa sababu nilitaka kujua je ile ginkgo angalau ilikuwa na maana yoyote. Mti wenyewe ni wa ajabu kweli, ukoo wake upo duniani tangu enzi za dainosari, na baada ya bomu la atomu Hiroshima mwaka 1945 kuna miti ya ginkgo iliungua ikachipua tena na mingine ipo hai mpaka leo. Unaelewa kwa nini watu waliamini jani la mti kama huo litakuwa na kitu. Na watafiti walilichukulia kwa uzito, hawakulidharau. Marekani walichukua watu 3,069 wenye miaka 75 na kuendelea, wengine wakapewa ginkgo miligramu 120 mara mbili kwa siku, wengine vidonge vinavyofanana lakini ndani havina dawa, na wakawafuatilia kama miaka sita. Majibu yakatoka 2008: waliopata dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwenye kundi la ginkgo hawakuwa wachache kuliko wale wengine. Mwaka uliofuata wakachambua tena watu haohao kuangalia kama kumbukumbu angalau ilipungua polepole zaidi kwa waliokunywa ginkgo, hamna tofauti. Ufaransa nao wakafanya wa kwao, zaidi ya watu 2,800 wa miaka 70 na kuendelea ambao tayari walikuwa wameshalalamika kwa daktari kwamba wanasahau, yaani watu kama mama yangu kabisa, miaka mitano, majibu yakatoka 2012 na yakawa yaleyale, ginkgo haikuwazuia kufika kwenye ugonjwa wa Alzheimer, ile aina kubwa ya dimenshia.

Na kitu ambacho matangazo hayasemi, kwenye ule utafiti wa Marekani watu wanaotumia warfarini hawakuruhusiwa kushiriki. Kwa hiyo mtu akikwambia ginkgo imepimwa kwa maelfu ya wazee na ikaonekana salama, muulize wazee gani, manake mama yangu mlangoni tu wangemrudisha.

Ili nisiwe mtu wa upande mmoja, kuna tafiti za watu ambao dimenshia tayari wanayo, zilizotumia dondoo maalum la ginkgo, yaani kile kilichokamuliwa kwenye majani, miligramu 240 kwa siku, na baadhi yake zilionyesha dalili zinapungua kidogo, nyingine hazikuonyesha kitu. Hiyo ni habari nzuri kwa mgonjwa aliyepimwa na anayefuatiliwa na daktari wake. Sio habari ya mtu mzima anayepoteza miwani.

Mmea ambao mi naona una matumaini kidogo ni bakopa, wengine wanaita brahmi, unatoka kwenye tiba za kale za India. Tafiti zake nyingi zimetumia kama miligramu 300 kwa siku kwa wiki 12, na baadhi zimeonyesha watu wanakumbuka vizuri zaidi vitu walivyojifunza. Lakini vikundi vyenyewe ni vidogo, na tumbo linasumbua, kichefuchefu, kuharisha, kusokotwa. Na tafadhali angalia hizo wiki 12. Kijana anayekunywa kapsuli usiku wa kuamkia mtihani anatupa pesa tu, hicho kitu hata kama kinafanya kazi hakifanyi kazi kwa usiku mmoja, na usingizi aliouacha ili asome ungemsaidia kuliko chupa nzima. Usingizi ndo unaopanga yale uliyosoma yakae kichwani.

Manjano nayo imesifiwa. Mwaka 2018 watafiti wa Los Angeles walichapisha utafiti wa kurukumini, ile kitu inayoipa manjano rangi, watu walipewa kwa miezi 18 na kumbukumbu ikaongezeka. Watu wenyewe walikuwa 40. Kwenye maisha yetu watu 40 ni basi moja halijajaa, huwezi kuujibu ulimwengu kwa basi moja. Kakao nayo ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 2,200 wenye miaka 65 na kuendelea, miaka mitatu, majibu yakatoka 2022, dondoo la kakao halikuongeza chochote kwenye kumbukumbu, na cha kushangaza kidonge cha kawaida cha mchanganyiko wa vitamini walichokijaribu kwenye utafiti huohuo ndo kilionyesha faida kidogo.

Sasa niseme kwa nini sina ugomvi na mimea. Kuna ua dogo jeupe la nchi za baridi, linachipua wakati theluji bado haijaisha, ndani yake wataalamu walipata kitu kinaitwa galantamini. Wakakichunguza, wakakipima kwa wagonjwa, wakajua kiasi gani kinasaidia na kiasi gani kinadhuru, na mwaka 2001 Marekani ikakiidhinisha kama dawa ya Alzheimer. Hakiponyi, kinapunguza dalili kwa muda, lakini daktari anajua anampa nani na hampi nani. Kwa hiyo anayesema hospitali zinadharau majani hajui kwamba hospitali zimejaa majani. Tofauti ni kwamba lile ua lilipita kwenye mizani kwanza.

Hii chupa ya mtandaoni haijapita popote. Marekani, ambako nyingi ya hizi bidhaa zinatengenezwa au kuigwa, sheria ya mwaka 1994 inaruhusu saplimenti iingie sokoni bila kwanza kuthibitisha serikalini kwamba inafanya kazi. Serikali inaingia baadae watu wakishalalamika au wakishaumia. Kampuni inatakiwa isidai inatibu ugonjwa, ndo maana lugha yao huwa inateleza, "husaidia afya ya ubongo", "huchangia umakini", maneno ambayo huwezi kuyashika mkono.

Na ndani ya chupa kuna nini hasa? Mwaka 2015 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alipeleka saplimenti za mitishamba za maduka makubwa manne zikapimwe DNA, ginkgo ikiwemo, na nyingi sana hazikuonyesha ule mmea ulioandikwa kwenye lebo. Haki isemwe, wataalamu wengine walipinga kile kipimo kwa sababu jani likishachemshwa na kukamuliwa DNA yake inaweza kupotea, na mi nadhani walikuwa na hoja. Lakini bado mnunuzi anabaki palepale, hana njia ya kujua. Kinachonitisha zaidi ni madini. Mwaka 2008 watafiti walichapisha kwamba waliagiza kwa intaneti dawa 193 za tiba ya kale ya India, na karibu moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi ni sumu ya ubongo! Mtu anatafuta kumbukumbu anakunywa kitu cha kuiharibu, na hawezi kujua kwa ladha wala kwa rangi. Siku hizi kuna taasisi huru zinazopima saplimenti na kuweka alama yao kwenye chupa, kama mtu ni lazima anunue basi atafute yenye alama hiyo, ingawa alama inakwambia tu kilichoandikwa ndo kilichomo, haikwambii kama kinasaidia.

Mhariri, hapa ndo ile sehemu niliyokuomba usiiguse.

Kama unatumia warfarini, klopidogreli, aspirini ya kila siku, au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, usiongeze ginkgo kabla hujamwambia daktari wako. Kurukumini ya vidonge na vidonge vya kitunguu saumu vyenye nguvu navyo vimo kwenye tahadhari hiyohiyo. Hata dawa za maumivu kama ibuprofeni zina tabia ya kuchangia mtu kuvuja damu, ukizipanga zote pamoja hujui ipi itakumwaga damu. Dalili ni kama za mama yangu, mabaka bila kugongwa, fizi kutoka damu, pua isiyokata, choo cheusi, na kichwa kuuma ghafla kupita kawaida, hiyo ya mwisho usisubiri asubuhi. Kama unaenda kufanyiwa upasuaji, hata wa kung'oa jino, sema unatumia nini. Madaktari wa usingizi wengi hutaka vitu hivi viachwe wiki mbili kabla.

Mwenye kifafa aogope ginkgo, hasa mbegu zake, zina sumu inayoweza kuleta degedege. Ginseng, mzizi wa dawa wa Asia, inaweza kushusha sukari, sasa mtu yuko kwenye insulini anaongeza na ginseng anaweza kuzimika akiwa barabarani, na inaweza pia kuipunguzia warfarini nguvu, yaani huyu damu yake inaganda wakati anadhani amekingwa. Kuna kingine kinaitwa huperzini A, kinatoka kwenye mmea wa China, chenyewe kinafanya kazi kwa njia ileile ya dawa za Alzheimer kama donepezili, ukivitumia pamoja ni kama umezidisha dozi bila kujua, mapigo ya moyo yanashuka, mtu anatapika, anaharisha, anaanguka. Ashwagandha, mmea mwingine wa tiba za India, na manjano ya vidonge, hasa ile iliyochanganywa na dondoo la pilipili manga ili ifyonzwe zaidi, kuna watu ini lao limeumia, ngozi na macho yakageuka manjano, na ashwagandha inaingilia pia tezi ya shingo na haifai kwa mjamzito. Vinposetini utaikuta kwenye chupa nyingi za "ubongo" na mara nyingine wanaieleza kama kitu cha mmea, mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya wanawake wenye umri wa kuzaa kwamba inaweza kuharibu mimba.

Na kuna ule mmea unaitwa St. John's wort, wenyewe hasa ni wa huzuni ila unawekwa kwenye mchanganyiko wa "akili na utulivu". Huo unalifanya ini lichome dawa nyingine haraka kabla hazijafanya kazi. Vidonge vya uzazi wa mpango vinashindwa, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinapungua kwenye damu, dawa za mtu aliyepandikizwa figo zinashuka na figo linakataliwa na mwili. Mtu anaweza kupoteza figo aliyochangiwa na ndugu yake kwa sababu ya kapsuli aliyodhani ni majani ya kutuliza mawazo. Nimeandika hivi kwa urefu kwa sababu hakuna hata moja ya haya niliyoiona kwenye lebo ya ile chupa ya mama, nilikuja kuisoma yote kwa kioo cha kukuzia.

Watu huwa wanajibu, lakini hii ni asili. Jani likiwa na nguvu ya kufika kwenye ubongo basi lina nguvu ya kufika kwenye damu na ini pia, njia ni hiyohiyo moja.

Nirudi kwenye sababu za kusahau maana ndo kiini cha barua. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimenshia, na sehemu kubwa, kama asilimia 60 mpaka 70, ni Alzheimer. Hao wapo kweli na wanastahili kujulikana mapema ili familia ijipange na wapate matunzo. Lakini pembeni yao kuna wazee na hata vijana wanaosahau kwa sababu zinazotibika. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango mtu anakuwa mzito wa kila kitu, hata wa kukumbuka. Sonona kwa mzee mara nyingi haiji na machozi, inakuja na kusahau na kutojali, watu wanasema mzee amechoka kumbe amezama. Mtu anayekoroma na kukatika pumzi usiku ubongo wake haupumziki. Pombe. Dawa za mzio zile zinazoleta usingizi, na dawa za usingizi zenyewe, zinampa mzee ukungu kichwani, na hizo nyingine mtu ananunua mwenyewe bila cheti. Mzee akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili inaweza kuwa ni maambukizi tu kwenye mkojo. Na mzee aliyeanguka akajigonga kichwa, hasa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu kwa wiki kadhaa na dalili ikawa ni kusahau na kusinzia. Huyo ukimpa ginkgo unamwongezea hatari.

Alafu kuna masikio. Hili sikuwahi kulifikiria kabisa. Mtu ambaye hakusikia hawezi kukumbuka, na mzee mwenye aibu hasemi sikusikia, anaitikia tu. Nusu ya "usahaulifu" wa jirani yetu mmoja uliisha alipopata kifaa cha kusikia.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet liliorodhesha mambo 14 ambayo yakishughulikiwa karibu nusu ya dimenshia, wao wanasema asilimia 45, ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Kuna presha, kuna sukari, kuna lehemu mbaya (kolesteroli), kuna sigara, kusikia, kuona, kukaa bila mazoezi, upweke. Hakuna hata chupa moja ya majani humo. Na Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 lilisema wazi vitamini B na E, mafuta ya samaki na saplimenti za mchanganyiko zisipendekezwe kwa ajili ya kupunguza hatari ya dimenshia. Hapo usinielewe vibaya kuhusu B12 ya mama, yeye alipungukiwa, alipimwa ikaonekana, akarudishiwa kilichopungua. Mtu ambaye haijampungukia kuiongeza hakumpi akili zaidi.

Sasa ombi langu kwako mhariri na kwa waandishi wako wa afya. Mkiandika kwamba mmea fulani "umethibitishwa", andikeni umethibitishwa kwa watu wangapi, wa umri gani na kwa muda gani, wasomaji tunaweza kuelewa namba, msituogope. Na likija tangazo la vidonge vya kurudisha kumbukumbu, mwombeni mwenye tangazo utafiti uliofanywa kwa bidhaa yake yeye mwenyewe na sio kwa mmea kwa ujumla, akikosa basi tangazo lisubiri. Najua gazeti linaishi kwa matangazo, najua ninachoomba kina gharama. Na madaktari na wauguzi na watu wa famasi mnaosoma hapa, mkimuuliza mzee "unatumia dawa gani" atawajibu kama mama yangu alivyojibu. Muulizeni anakunywa nini, anachemsha nini, ameletewa nini na watoto.

Sisi nyumbani tumeandika karatasi moja, dawa zote na kila kitu kingine kinachoingia mdomoni kwa ajili ya afya, inakaa kwenye mkoba wa mama na anaitoa mwenyewe kabla hajaulizwa. Ile chupa tuliirudisha kwa ndugu yetu kwa heshima na tukamweleza, akasikitika sana, na kesho yake akaenda kupima B12 yake mwenyewe kwa sababu naye anatumia metformini.

Barua hii nimemsomea mama kabla sijaituma kwa kuwa ni habari zake. Amekubali itoke bila jina. Ila amesema nisahihishe, ile siku ya pua damu haikuishia mchana, ilikata saa kumi jioni tukiwa tumeshapewa kitanda, na mimi nilikuwa nimevaa ndala mguu mmoja wangu mmoja wa kaka yangu. Nimemuuliza kaka, ni kweli.

Msomaji wako wa siku nyingi